Daktari wa Jicho Moja Aliyeufuata Uvimbe wa Mataya

Mwaka juzi, siku ya Jumatatu asubuhi, mama mmoja wa kigango chetu alifika ofisi ya parokia akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa kike wa miaka sita. Mtoto wa umri huo habebwi mgongoni bila sababu. Mama alitaka barua ya Padre ya kumjulisha kwa masista wa hospitali, na kwa kuwa kazi ya kuandika barua ni yangu, nilimkaribisha akakaa.

"Karani," akaniambia, "mwanangu meno yanacheza upande huu wote, na shavu linajaa kila siku. Jana halikuwa hivi."

Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa fundi wa kung'oa meno, naye akang'oa mawili. Shavu halikupungua, likazidi. Alikuwa amekwenda pia kwa mpiga ramli, lakini hilo hakulisema siku ile, alilisema baadaye. Katika kuhangaika huko majuma matatu yalikuwa yamepita.

Nikaandika barua. Masista walimtazama mtoto, na siku ileile wakampeleka hospitali kubwa. Huko wakakata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, wakakichunguza, wakasema ni kansa, ambayo wengine huiita saratani. Wakasema vilevile kwamba kansa hii ina dawa, na kwamba mtoto aliyewahi anaweza kupona kabisa.

Mama aliporudi nyumbani kwa siku mbili kuwaangalia watoto wengine, alipita tena ofisini. "Karani, wewe umesoma chuo cha ualimu. Nani alijua kwamba ugonjwa huu una dawa? Maana bibi yangu alizika mtoto mwenye shavu kama hili, na wazee wote walisema alirogwa."

Sikuwa na jibu. Nikaona haya, nikaanza kutafuta katika vitabu na kuwauliza waganga ninaowafahamu. Niliyoyapata ndiyo haya, na nayaandika kwa ajili ya akina mama wote wa kandokando ya Ziwa, maana ugonjwa huu ni wa kwetu.

MTOTO WA MPIMA BARABARA

Jina lake lilikuwa Denis Burkitt. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa msimamizi wa barabara na madaraja ya wilaya. Mzee huyo alikuwa na jambo moja lililowafanya majirani wamshangae: alipenda mno ndege wadogo. Aliwakamata bustanini kwake, akawavika pete miguuni, akawaachia, kisha akaandika kila siku ni ndege gani ameonekana wapi. Kwa njia hiyo aligundua kwamba kila ndege ana mipaka yake, hapa ni kwake na pale ni kwa mwenzake. Wataalamu wa ndege wanamtaja mpaka leo. Msomaji ashike jambo hili la ndege na mipaka, maana mtoto wake alikuja kufanya lilelile kwa ugonjwa.

Denis alipokuwa na miaka 11, wavulana wa shule walikuwa wakitupiana mawe. Jiwe moja likapiga miwani yake, kioo kikaingia jichoni. Waganga walijaribu kuliokoa jicho la kuume wakashindwa, likaondolewa. Akakua na jicho moja la kuonea na jingine la kioo.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, ili asome uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na wanafunzi waliokuwa wakikutana kusali na kusoma Biblia, na katika sala zao akaona kwamba Mungu anamwita awe mganga. Akaacha uhandisi, akaanza upya. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti wa kweli wa Kanisa la Ireland, na maisha yake yote alikuwa akiamka mapema kusali kabla ya kazi. Sioni sababu ya sisi kuficha hilo.

Alimaliza masomo ya uganga mwaka 1935. Watu wengi hudhani kwamba mtu akitoka chuo cha uganga anaweza kushika kisu palepale. Sivyo. Mganga mpya hukaa kwanza chini ya wakubwa katika hospitali, akiamshwa usiku, akifunga vidonda, akishika taa na vyombo huku mwingine akipasua. Kisha huanza kupasua mambo madogo mkubwa wake akiwa amesimama begani. Burkitt alifanya hivyo miaka mitatu, na mwaka 1938 akaufaulu mtihani wa chuo cha wapasuaji cha Edinburgh. Hapo tu ndipo akaitwa mpasuaji.

Kwetu Tanzania njia haijawa fupi. Kijana huanza na miaka mitano ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha miaka mitatu au zaidi ya kujifunza upasuaji. Akitaka kuwa mpasuaji wa kansa huongeza tena miaka mingine, maana kansa haipasuliwi kama jipu. Mpasuaji lazima ajue uvimbe huu umefika wapi, umeshika mishipa gani, akate kiasi gani cha nyama nzima kando yake, na lazima ajue pia ni uvimbe gani usioguswa kwa kisu hata kidogo. Hilo la mwisho, wanasema, ndilo gumu kulijifunza kuliko yote. Mzazi ambaye mtoto wake anasema anataka kuwa mpasuaji wa kansa ahesabu miaka kama 12 tangu siku anapotoka sekondari, wala asimharakishe.

ALIVYOKATALIWA

Baada ya mtihani wake Burkitt alikwenda baharini kama mganga wa meli, akafika mpaka Manchuria, huko mashariki ya mbali. Katika safari hiyo aliamua kufanya kazi katika nchi za mbali. Aliporudi akaomba kazi ya uganga katika makoloni ya Kiingereza. Wakamkataa. Walisema mtu wa jicho moja hafai kuwa mpasuaji huko.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, jeshi halikuchagua sana. Mwaka 1941 akaingia jeshini kama mganga, akaletwa Kenya, akatumika pia Somalia na Ceylon. Nairobi haikuwa ngeni kwa jina lake, maana baba yake mdogo, Dr. Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji mashuhuri huko tangu zamani. Mwaka 1943 akamwoa Olive Rogers, muuguzi aliyekutana naye hospitalini Plymouth. Vita ilipokwisha aliomba tena kazi katika makoloni, na safari hii hakuna aliyetaja jicho. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika mji wa Lira, kwa Walango.

MABUSHA YA LIRA

Lira alikuwa mganga wa kila kitu: uzazi, mifupa, matumbo, majeraha ya mikuki. Wanaume wengi walimjia kupasuliwa mabusha. Mpasuaji mwingine angepasua na kwenda zake, lakini Burkitt alianza kumwuliza kila mgonjwa, "Unatoka wapi?" Akaona kwamba wengi mno wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi karibu hawapo. Akazunguka vijijini kuhakikisha. Ikawa kweli. Sababu yake ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ileile iletayo matende, na mbu hao na minyoo yao walikuwa upande mmoja kuliko mwingine.

Tazama mtoto wa mpima barabara akianza kuchora mipaka. Ugonjwa una kwao na una mahali usipokaa, na anayejua kwao atakaribia kujua asili yake. Jambo hilo halikumpa sifa yoyote wakati ule. Mwaka 1948 akahamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago.

MATAYA MANNE

Mwaka 1957 mganga mwenzake wa Mulago, Dr. Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na uvimbe pande zote nne za mataya: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Usaha hauwezi kuingia mahali panne kwa pamoja, na kansa aliyoijua yeye haikuwa na tabia hiyo. Akampiga mtoto picha, maana hakuwa akitembea bila kamera, akamrudisha kwa Trowell bila jibu.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akizungukia wagonjwa katika hospitali ya huko. Akachungulia dirishani, akamwona mama amekaa kwenye majani na mtoto wake, na uso wa mtoto umevimba vilevile. Akaacha aliyokuwa akiyafanya akatoka nje mbio. Akampima mtoto mwili mzima, akakuta na tumboni mna uvimbe.

Hapo ndipo alipofungua macho, au tuseme jicho. Akarudi Mulago akaanza kupekua madaftari ya wagonjwa na ya waliokufa. Akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa mataya. Akakuta wengine wenye uvimbe wa figo, wa ini, wa ovari kwa wasichana, wa tezi ya shingo. Kila uvimbe ulikuwa umeandikwa kwa jina lake kama ugonjwa mbalimbali, lakini mara nyingi mtoto mmoja alikuwa nao wa namna mbili au tatu. Akasema: huu ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari za watoto 38 katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Wataalamu wa Mulago waliokuwa wakichunguza vipande vya nyama kwa darubini, Dr. O'Conor na Dr. Davies, walionyesha baadaye kwamba ni kansa ya chembechembe za damu zinazolinda mwili. Siku hizi dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt.

Mimi ni mtu wa madaftari, kwa hiyo sina budi kutaja jambo hili. Ugonjwa huo haukuwa mpya. Katika kumbukumbu za hospitali ya misheni ya Mengo, iliyofunguliwa mwaka 1897, Dr. Albert Cook alikuwa amekwisha kuwaandika na kuwachora watoto wenye mataya ya namna hiyo, miaka mingi kabla Burkitt hajaja. Wao wenyewe wazee wetu waliuona. Lakini aliyeuona hapa hakujua kwamba na wa kule ameuona, na daftari lilikaa kabatini. Nikiandika daftari la mazishi la parokia yetu, mahali pa sababu ya kifo watu huniambia "uvimbe", nami naandika "uvimbe". Tangu nisome habari hizi nimeanza kuuliza: wa wapi? tangu lini?

KISU KILIPOSHINDWA

Burkitt alikuwa mpasuaji, na kwanza alifanya analolijua mpasuaji. Alikata mataya. Ilikuwa kazi ya kutisha, na uso wa mtoto ulibaki bila umbo. Kisha uvimbe ulirudi. Kansa hii hukua upesi kuliko kansa nyingine zote za wanadamu tunazozijua. Uvimbe waweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kisu hakiwezi kushindana mbio na kitu kama hicho. Watoto walikufa katika miezi michache. Mashine za kuchoma kansa kwa mionzi, Uganda haikuwa nazo.

Kwa mtu aliyesoma miaka mingi ili apasue, kusema mbele ya wenzake kwamba kupasua hakufai ni jambo zito. Naona wengi wangeendelea kukata, ili waonekane wanafanya kitu. Yeye aliacha. Akachukua njia mbili kwa pamoja: kutafuta ugonjwa unakaa wapi, na kutafuta dawa.

PAUNI 25 NA GARI KUUKUU

Kwa njia ya kwanza alipewa fedha za utafiti, pauni 25 tu. Akachapisha karatasi zenye picha za watoto, akazipeleka kwa posta kwenye hospitali kama 1,000 za Serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza: Je, mmewahi kuona ugonjwa huu? Majibu yalipokuja akaweka alama kwenye ramani, akaona mkanda unaopita katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka upande wa mashariki. Lakini ukingo wa mkanda ulikuwa wapi? Barua hazikutosha.

Mwezi wa Oktoba 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupokea Uhuru wake, Burkitt aliondoka Kampala kwa gari la Ford la mwaka 1954 alilolinunua kwa pauni 250. Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja ni Dr. Ted Williams, mganga wa misheni wa Kuluva, karibu na Arua, ambaye alijua pia kutengeneza gari, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko uganga wake njiani. Wa pili ni Dr. Cliff Nelson. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, wakapita Tanganyika, Rhodesia, Nyasaland, Mozambique mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakaingia katika hospitali karibu 60. Kila mahali walitoa picha wakauliza. Mahali pengine mganga au sista alisema mara moja, "Ndiyo, tunao wodini sasa hivi." Mahali pengine walitikisa kichwa. Gharama zote za safari zilikuwa pauni 678. Nchi tajiri zimetumia fedha nyingi kuliko hizo kwa utafiti usiozaa hata karatasi moja.

Ukingo ukaonekana. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi na vilima vya Kigezi havikuwa nao. Kandokando ya Ziwa Viktoria, bondeni na pwani, ulikuwako. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka ulivyoshuka, hata huko mbali ukawa katika nchi za chini tu. Mwanzoni Burkitt alidhani ni mambo ya kimo. Mtaalamu wa Entebbe, Dr. Haddow, akamwonyesha kwamba ramani yake inafanana na ramani za magonjwa ya mbu: panapotakiwa joto na mvua. Na jambo moja lilikuwa la ajabu. Unguja na Pemba zina joto na mvua tele, lakini ugonjwa ulikuwa haba mno huko. Visiwa hivyo vilikuwa vimepigwa dawa ya kuua mbu, na malaria ilikuwa imepungua.

MTU ALIYEKAA NYUMA

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mafundisho katika hospitali ya Middlesex, London. Alikuwepo mtaalamu kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi, vile vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Aliposikia habari za mvua na joto akawaza kwamba huenda kuna kirusi. Akaomba aletewe vipande vya uvimbe.

Tangu siku hiyo ndege zikawa zinapeleka vichupa kutoka Kampala mpaka London. Karibu miaka mitatu Epstein hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipofika London maji yake yalikuwa yamefanya ukungu kama yaliyooza. Wangeweza kukimwaga. Wakatazama kwanza, wakakuta chembechembe za kansa zinaogelea zikiwa hai, zimejitenga na nyama. Kutokana nazo waliweza kuzikuza chembe hizo, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kwamba wameona kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuonekana katika kansa ya wanadamu. Kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Akina mama wasiogope wakisikia hivyo. Karibu kila mtu duniani anacho kirusi hicho, amekipata utotoni kwa mate, wala hakimdhuru. Mtoto mwenye kansa hii haambukizi wenzake kansa. Anaweza kula nao na kulala nao. Shida huja mtoto anapopigwa na malaria mara kwa mara, hata nguvu za mwili za kukizuia kirusi zikalegea. Burkitt alidhani mbu ndiye anayekibeba kirusi. Haikuwa hivyo, mbu huleta malaria, na malaria humfungulia mwenzake mlango. Ndiyo maana chandarua kinachomkinga mtoto na malaria humpunguzia pia hatari hii.

DAWA

Njia ya pili ilikuwa dawa. Siku zile dawa za kansa zilikuwa ndiyo kwanza zinajaribiwa Marekani, na waganga wa New York, Burchenal na Oettgen, walishirikiana na Burkitt wakampa dawa iitwayo methotreksati. Hakuwa na vyombo vya kupimia damu kila siku kama wao, kwa hiyo alitoa kidogo kwa kuogopa. Uvimbe ukayeyuka. Mataya aliyoshindwa kuyaponya kwa kisu yalirudia umbo lake katika siku chache. Si wote waliopona; wengi uvimbe uliwarudia. Lakini wapo waliopewa dawa mara chache tu wakarudi kwao wakakua. Mwaka 1967 kituo cha kuwatibu watoto hao kilifunguliwa Mulago, na kutokana nacho imekuwa taasisi ya kansa ya Uganda, ambayo ipo mpaka leo. Mafundisho yaliyopatikana kwa watoto wa Kampala, ya kuchanganya dawa mbili tatu, yamewasaidia wagonjwa wa kansa nyingine pande zote za dunia.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza akaanza jambo jingine kabisa, tena la kuchekesha kidogo: chakula na choo. Aliona kwamba Waafrika wa vijijini, wanaokula unga usiokobolewa, maharage na mboga, walikuwa hawapati sana kansa ya utumbo mkubwa wala maradhi mengine ya tumbo yaliyojaa Ulaya. Akawaandikia tena wamisheni barua kama zamani, safari hii akitaka kujua uzito wa choo cha watu! Kitabu chake cha mwaka 1979 kiliwafanya Wazungu wengi warudie mkate mweusi. Si yote aliyoyasema yamethibitishwa, lakini mimi nyumbani kwangu nimerudi kwenye dona, na mke wangu ananung'unika. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

MAMBO YA KUJUA

Sasa nirudi kwa mama yetu, maana alikaribia kumpoteza mtoto mara mbili.

Mara ya kwanza ni yale majuma matatu. Mtoto wa miaka miwili mpaka kumi na kitu, meno yanayolegea kabla ya wakati wake, tena mengi upande mmoja. Shavu au taya linalovimba bila maumivu makali. Jicho linalosukumwa nje. Tumbo linalojaa ghafla. Miguu inayokosa nguvu: huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asing'olewe jino, asichanjwe, asingojewe mavuno. Ukikumbuka kwamba uvimbe huongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, utaona majuma matatu ni kitu gani.

Mara ya pili ilikuwa ya hatari zaidi, nami sikuitegemea. Alipopewa dawa ya kwanza, shavu lilipungua mpaka mama akalia kwa furaha. Siku chache tu na uso umerudi! Baba yake mtoto akapiga simu: mtoto amepona, rudini, palizi imetushinda na hapa nyumbani watoto wanalala njaa. Waganga walisema bado. Dawa hutolewa kwa zamu, kila baada ya majuma mawili au matatu, na nyingine huchomwa uti wa mgongo, mpaka mzunguko wote uishe. Chembe chache zilizobaki hazionekani kwa macho, na ndizo zinazorudi kuua. Baba hakusadiki. Alisema hospitali inataka kumjaribia mtoto dawa, maana nywele zilikuwa zimeanza kunyonyoka. Sikumlaumu sana, mtu aliyeona kwa macho yake uvimbe umekwisha ni vigumu kumwambia haujakwisha.

Padre alikwenda mwenyewe kwa pikipiki. Wanajumuiya wakapalilia shamba lile siku mbili, na mama akabaki hospitalini.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya tisa katika kila kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu Afrika wanaopona mara nyingi hawazidi nusu sana, na mahali pengine hawafiki. Dawa nyingi ni zilezile Burkitt na wenzake walizozijaribu. Tofauti kubwa hutokana na kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati, na upungufu wa wauguzi na vyombo vya kuwalinda watoto wasipatwe na maradhi mengine wakati dawa imewadhoofisha. Wagonjwa wa namna hii hutibiwa Bugando huko Mwanza, Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi, na kwa ndugu zetu wa Uganda, Mulago na hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor. Mganga wa zahanati akisema ni jino tu, na uvimbe ukaongezeka kesho yake, usirudi nyumbani. Omba barua ya kupelekwa mbele.

Mtoto yule alimaliza dawa zake zote. Nywele zimeota, na meno yale mawili yaliyong'olewa yameota mengine. Mwezi uliopita nilimwandika katika daftari la wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Mama yake akaniuliza kama nimekwisha kumpata yule mganga. Nikamweleza habari zake, kwamba alikuwa na jicho moja na watoto watatu, wote wa kike, na kwamba amekwisha kufariki.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mtu ambaye si Mkatoliki aweza kuombewa Misa. Nikamwambia hilo ni la Padre. Padre akasema yaweza kusomwa. Mama akafungua ncha ya khanga yake akatoa sadaka, nami nikaandika katika daftari la nia za Misa, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi: Dionisi Burkitt, daktari.